Niliwaambia Miaka Yao Ingehesabiwa

Mwaka 2013 niliwaambia wafanyakazi wa mgodi kwamba wakisaini karatasi niliyowapelekea, miaka waliyokwisha kuitumikia kazi yao ingeendelea kuhesabiwa. Haikuhesabiwa. Karatasi ile nilikuwa nimeisoma tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na kifungu kilichosema kinyume nilijua kiko ukurasa upi. Hakuna aliyenidanganya. Nilijua, nikasema lisilo kweli, na watu wakaliamini kwa sababu limetoka kwangu.

Mgodi sitautaja, wala kampuni iliyowapokea watu wale. Wakubwa walioamua jambo lile wana maungamo yao, wakitaka watayatoa wenyewe. Haya ni yangu. Itoshe kusema ilikuwa huku kwetu, katika ukanda wa dhahabu unaotoka Kahama ukapita Kakola na Nyang'hwale hadi Geita, nami nilikuwa afisa rasilimali watu.

Nilizaliwa Mwadui. Baba yangu alifanya kazi katika mgodi wa almasi alioufungua John Williamson mwaka 1940. Hospitali ilikuwa ya mgodi, shule ya mgodi, nyumba ya mgodi, na jina lililokuwa juu ya hati ya mshahara ya baba ndilo lililoandikwa getini. Sitaki kuusifu Mwadui kupita kiasi. Wakubwa walikuwa na mtaa wao na sisi na wetu, na almasi hazikumtajirisha mfanyakazi yeyote ninayemjua. Lakini baba alipoanza kukohoa alijua mlango wa kugonga, na aliyefungua hakuweza kumwambia kwamba yeye si mwajiri wake. Nilikulia ndani ya hali hiyo nikaiona ya kawaida kabisa, kiasi kwamba nilipokwenda Mzumbe kusomea utawala wa watumishi sikuwahi kujiuliza mgodi ungekuwaje kama mlango huo usingekuwapo.

Nilikuja kuusaidia usiwepo.

Bei ya dhahabu ilikuwa imepita dola 1,900 kwa wakia Septemba 2011. Aprili 2013 ikaporomoka, na hadi Desemba ilikuwa imebaki karibu dola 1,200. Migodi iliyokuwa imepiga hesabu zake kwa bei ya juu ikaanza kutafuta pa kukata. Kwetu agizo lilishuka likiwa limekwisha kupikwa: madereva wa mabasi, wapishi na wahudumu wa mesi, watu wa stoo, wasaidizi wa karakana na maopereta wa mitambo midogo wahamie kwa mkandarasi. Kazi zao zilipewa jina la kazi zisizo za msingi. Wangebaki kwenye kiti kile kile, chini ya msimamizi yule yule, wakila chakula kile kile. Kitakachobadilika ni jina la mwajiri.

Mgodi haukutaka kuwapunguza kazini kwa njia ya sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa, aeleze sababu, akae na chama cha wafanyakazi wajadiliane nani aondoke na kwa malipo gani. Akimwachisha mtu aliyetimiza mwaka, anamlipa kiinua mgongo: mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka alioumaliza, mwisho miaka kumi. Lakini anayejiuzulu kwa hiari yake hadai hicho. Kwa hiyo karatasi niliyopewa ilikuwa mbili zilizobanwa pamoja. Ya juu ilikuwa barua ya kujiuzulu, imekwisha kuandikwa, inasubiri jina na sahihi. Ya chini ilikuwa mkataba mpya na mkandarasi. Anayesaini zote mbili angepewa mshahara wa mwezi mmoja wa asante.

Nilichaguliwa kuieleza kwa sababu inayojulikana na kila mtu wa ukanda huu. Huku kampuni haiaminiki haraka. Watu wa Kakola hawajasahau Agosti 1996, wachimbaji wadogo walipoondolewa Bulyanhulu ili eneo lipate mwenye leseni mkubwa. Hawajasahau pia Oktoba 2007, wafanyakazi wa mgodi wa hapo hapo Bulyanhulu walipogoma na mamia wakapoteza kazi. Mkurugenzi kutoka ng'ambo akisimama mbele ya watu wenye kumbukumbu hizo, wanamsikiliza wakiwa wamekunja mikono. Mimi nilikuwa binti wa Mwadui. Nilisalimia kwa Kisukuma. Wanaume walionizidi umri waliniita mayu, kama wanavyomwita mama zao, nami niliipokea heshima hiyo kila asubuhi, nikaitumia siku iliyohitajika.

Tulikutana mesi baada ya shifti ya mchana. Maswali yalikuwa machache kuliko nilivyotarajia. Dereva mmoja aliuliza kama basi litaendelea kuwafuata mjini. Nikasema litaendelea, na kweli liliendelea. Mpishi aliuliza kuhusu sare. Kisha akasimama opereta mmoja mtu mzima, mpole, ambaye nilikuwa nimemwandikia mwenyewe fomu za bima za watoto wake.

“Mayu,” akasema, “nina miaka tisa hapa. Nikienda kwa hao wapya naanza moja, au naenda nayo?”

“Unakwenda nayo, baba,” nikamjibu. “Hakuna kinachobadilika.”

Akaitikia kwa kichwa, akakaa. Baada ya hapo hakuuliza mtu tena. Walipanga mstari, na yeye akawa miongoni mwa wa mwanzo kusaini.

Nimejaribu kukumbuka nilihisi nini nilipomjibu. Ningependa kusema nilisita. Sikusita. Nilikuwa na orodha, na lengo la siku hiyo lilikuwa orodha iishe. Nilikuwa najenga nyumba Shinyanga, nilikuwa na ada za shule, na nilikuwa nimeambiwa kwamba zoezi likienda kwa utulivu nitafikiriwa nafasi ya juu. Nilifikiriwa, nikaipata. Mkataba wangu mimi ulibaki wa mgodi, wa kudumu, na bima ya familia nzima.

Niseme sasa walichopoteza, kwa sababu wakati ule nilikiita mabadiliko ya kiutawala, na kwa kukiita hivyo niliweza kulala.

Mshahara wa kwanza kutoka kwa mkandarasi ulilingana na wa zamani, ili watu watulie. Posho ya nyumba haikuwamo. Bonasi ya uzalishaji haikuwamo, maana hiyo ni ya waajiriwa wa mgodi. Bima ikamfunika mfanyakazi peke yake. Mke na watoto wakarudi kwenye foleni ya hospitali ya wilaya na fedha mkononi. Aliyekuwa na mkopo benki aliendelea kukatwa, lakini alipotaka mwingine benki iliangalia mkataba wake mpya ikakataa. Wakati ule sheria hiyo ya 2004 iliruhusu mkataba wa muda maalumu kwa wataalamu na mameneja. Kwa mpishi au opereta, aliyetaka kukwepa ajira ya kudumu alibakiwa na mkataba wa kazi maalumu. Tukaandika kwamba kazi maalumu ni zabuni ya mkandarasi. Zabuni ikiisha, ajira imeisha yenyewe. Hakuna aliyefukuzwa, na kwa hiyo hakuna wa kulipwa.

Kuna lililokuwa kubwa kuliko posho, na watu wa nje ya kazi hii hawalioni upesi. Waajiriwa wa mgodi walikuwa na mkataba wa hali bora, uliojadiliwa na chama chao kwa miezi mingi: nyongeza ya mshahara, posho ya usiku, namna ya kushughulikia makosa ya nidhamu, msiba. Mkataba huo unamfunga mwajiri aliyeusaini. Mkandarasi hakuusaini. Siku watu wale walipoweka sahihi zao walitoka nje ya mkataba mzima kwa hatua moja, na chama kikabaki na wanachama pungufu mbele ya mgodi, na kwa mkandarasi kikalazimika kuanza kuandikisha upya watu ambao sasa waliogopa kuonekana wakizungumza na mwakilishi.

Halafu kuna kima cha chini. Amri ya mishahara iliyoanza Julai 2013 iliweka shilingi 400,000 kwa mwezi kwa kampuni zenye leseni za uchimbaji na utafutaji madini. Kwa sekta nyinginezo, zisizotajwa kwa jina, iliweka 100,000. Mfagiaji aliyeajiriwa na mgodi yumo katika madini bila ubishi. Mfagiaji yule yule, na ufagio wake, akiajiriwa na kampuni ya usafi, kampuni itasema yenyewe haichimbi kitu. Wapya walioingia baada ya uhamisho waliingia kwa hoja hiyo. Nilikaa katika kikao ambacho ilitolewa, na nikaiandika kwenye kumbukumbu kama hoja ya kawaida.

Mapema 2014 serikali iliingilia kati. Wizara ya Kazi na Ajira, chini ya Waziri Gaudensia Kabaka, ilitangaza kwamba mawakala wa ajira hawaruhusiwi kuwa waajiri wa watu wanaowapeleka kufanya kazi kwa wengine. Kazi ya wakala ni kumkutanisha mtafuta kazi na mwajiri, basi. Kanuni zikatolewa mwaka huo huo. Watu waliokuwa wamehamishwa nchi nzima, benki, viwandani, kwenye kampuni za simu, migodini, walitakiwa kurudishwa kwa wale wanaowafanyia kazi kweli. Getini kwetu taarifa hiyo ilifika kabla ya barua ya wizara. Nilipita mesi nikakuta watu wanacheka. Yule opereta aliniita akaniambia, “Mayu, tunarudi nyumbani.”

Hawakurudi, na hapa kosa langu linakuwa zito zaidi, kwa sababu safari hii sikuagizwa. Mimi ndiye niliyependekeza. Nilimwambia mkuu wangu kwamba kanuni zinamgusa anayeleta watumishi, hazimgusi anayetoa huduma. Mkataba kati ya mgodi na mkandarasi ulikuwa unalipa kwa kichwa: idadi ya watu mara kiwango cha kila mmoja. Tukauandika upya ulipe kwa huduma: sahani zilizopakuliwa, safari za basi, saa za mtambo. Mkandarasi akabadilisha maelezo ya biashara yake. Tukamweka msimamizi mmoja mwenye fulana ya mkandarasi ili ionekane amri zinatoka kwao. Kazi hiyo ilinichukua wiki kadhaa na niliifanya vizuri. Nilipongezwa kwa barua. Sheria iliyotungwa kuwarudisha watu wale nilikuwa nimeizungushia ukuta, na wao hawakujua ukuta umejengwa na nani. Waliendelea kuniita mayu.

Nilianza kuona jambo hili kwa ukubwa wake kupitia mtu ambaye hakuwa wa mgodi kabisa. Wataalamu wetu walikuwa wakija na kuondoka kwa ndege ndogo za kukodi, na siku moja ya masika mawingu yalifunga upande wa ziwa, ndege ikashindwa kuruka. Rubani alikuwa kijana wa Kitanzania. Tulikaa kivulini tukisubiri. Nikamwambia, kwa kumfariji, kwamba angalau leo anapumzika huku analipwa.

“Silipwi, dada,” akasema. “Nikiwa chini sihesabiwi. Nahesabiwa magurudumu yakiondoka.”

Akanieleza kwamba kabla ya kurudi nyumbani aliwahi kurushia shirika la nje. Ndege ilikuwa na jina la shirika, sare ilikuwa na jina la shirika, abiria walidhani yeye ni mtu wa shirika. Mkataba wake ulikuwa wa wakala aliyesajiliwa katika nchi ambayo hajawahi kuikanyaga. Mafunzo ya aina ile ya ndege alijilipia mwenyewe kwa mkopo wa ukoo. Hoteli alijilipia. Akiugua halipwi, kwa hiyo alikuwa akipanda na mafua, masikio yamemziba, abiria nyuma yake hawajui. Wakala alipopoteza zabuni, aliambiwa kwa barua pepe kwamba mwezi ujao hana saa. Alipoliandikia shirika, likamjibu kwa adabu kwamba halikuwahi kumwajiri.

Nilimsikiliza kama mtu anayesomewa maandishi yake. Maneno ya barua ile ya adabu nilikuwa nayaandika mimi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia habari za marubani, na kila ninachosoma kinanirudisha mesi. Shirika la Norway, Norwegian, lilipotaka kurusha safari za mbali kwa nauli ndogo lilianzisha kampuni tanzu Ireland na kuajiri wahudumu na marubani kwa mikataba ya Asia. Vyama vya marubani Ulaya na Marekani vilipiga kelele miaka mingi kwamba bendera ya ndege, nchi ya leseni na nchi ya mkataba vinatenganishwa makusudi ili rubani asiwe na mahali pa kusimama. Aprili 2020, janga la korona lilipoziacha ndege chini, kampuni tanzu za Sweden na Denmark zilizokuwa waajiri wa watumishi wa ndege ziliomba kufilisika. Watumishi wapatao 4,700 waliguswa. Ndege zenyewe hazikuwa mali ya kampuni hizo. Zilikuwa kampuni zenye watu ndani, na zikafungwa na watu wao.

Mambo hayo yanashabihiana na yetu kuliko wengi wanavyofikiri. Watu husema rubani ni mtaalamu, ana mshahara mkubwa, hawezi kulinganishwa na mpishi wa Kahama. Kweli hawalingani mfukoni. Lakini utaratibu unaomtenga mtu na yule anayefaidika na kazi yake haujali elimu ya mtu. Rubani aliyesoma kwa miaka na fedha za ukoo mzima aliambiwa neno lile lile aliloambiwa mfagiaji: nenda kamuulize mwajiri wako. Na alipokwenda, hakukuwa na mtu.

Usalama nao huenda na njia hiyo. Rubani anapanda na homa kwa sababu akibaki kitandani hali. Kwetu, mkandarasi alipimwa kwa idadi ya ajali alizoripoti, na mwenye ajali nyingi alijua zabuni inayofuata si yake. Maneno hayo hayakuhitaji kuandikwa. Yalishuka yenyewe hadi kwa mtu wa chini. Msaidizi mmoja wa karakana alibanwa kidole, akakifunga kitambaa, akamaliza shifti, akaenda zahanati ya mtaani jioni akasema ameumia akipasua kuni. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulipoanza kazi Julai 2015 nilihudhuria mafunzo yake na nikaielewa kinga unayoitoa. Lakini jeraha lililosemwa ni la kuni halina fidia ya kazini. Nililijua jeraha lile lilipatikana wapi. Halikuwa kwenye takwimu zangu, nami nikaliacha hivyo.

Zabuni ya mkandarasi iliisha, mshindi akawa mwingine mwenye bei ndogo. Aliwachukua vijana. Wale wa kwangu wa 2013, wengi walikuwa wamefika umri ambao mtu anauona mgongo wake. Asubuhi moja beji zao hazikufungua lango. Walikwenda ofisi ya mkandarasi wa zamani mjini Kahama, chumba cha kupanga juu ya duka, wakakikuta kina mpangaji mwingine. Wakarudi mgodini, wakaambiwa si waajiriwa wa mgodi. Wakaenda chama, wakaulizwa kadi za karibuni. Mtu aliyeachishwa ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na sehemu kubwa ya siku hizo waliimaliza barabarani kati ya milango hii.

Yule opereta aliwahi. Alijaza fomu, akaandika kwamba mwajiri wake ni mgodi, kwa sababu kichwani mwake haikuwahi kuwa vingine. Mgodi ukatakiwa kujibu. Faili likaja mezani kwangu.

Nililifungua nikatoa barua ya kujiuzulu yenye sahihi yake, ile niliyomwekea mbele yake mesi. Nikaitolea nakala. Niliandika kwamba mlalamikaji aliacha kazi kwa hiari yake mwaka 2013 na kwamba tangu hapo mgodi haukuwa na uhusiano wa ajira naye. Kila neno liliungwa mkono na karatasi. Msuluhishi alikuwa na kilichokuwa mezani, na mtu pekee aliyejua kilichosemwa kwa mdomo siku ile ya kusaini, kwa upande wa mgodi, alikuwa mimi. Ningeweza kusema. Ilikuwa sentensi moja: nilimwambia miaka yake ingehesabiwa. Sikuisema. Yeye alipoulizwa alisema, “Mayu aliniahidi,” akanitazama, nami nikatazama faili.

Nimesikia watu wenye cheo kama changu wakijitetea kwamba walikuwa mjumbe tu. Mjumbe husema alichotumwa. Mimi sikutumwa kusema miaka itahesabiwa. Agizo lilisema tuwaeleze masharti. Neno lile nililiongeza mwenyewe kwa sababu niliona litawanyamazisha.

Septemba 2017, kampuni ya Acacia ilipotangaza kupunguza shughuli Bulyanhulu baada ya zuio la kusafirisha makinikia, ajira zipatazo 2,000 ziliingia hatarini, baadhi za waajiriwa wa mgodi na nyingine za wakandarasi. Nilisikia redioni nikiwa nimekwisha kuacha kazi. Katika maduka ya Kakola watu walizungumza habari za mafao na notisi, nami niliweza kuwatambua, kwa kuwasikiliza tu, nani alikuwa wa mgodi na nani wa mkandarasi. Wa mgodi aliuliza atalipwa kiasi gani. Wa mkandarasi aliuliza amwone nani.

Mwezi ule ule Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua shauri la wahudumu wa ndege waliokuwa na kituo chao Charleroi, Ubelgiji, lakini mikataba yao ilitaja sheria na mahakama za Ireland. Mahakama ilisema mahali ambapo mtumishi anaanzia na kumalizia kazi yake pawe kigezo kizito cha kuamua ni mahakama ipi isikilize madai yake, hata mkataba useme vipi. Natamani fikra hiyo ifike kwenye sheria zetu na iende mbali zaidi: ambaye kazi inafanyika ndani ya lango lake, kwa mtambo wake na kwa saa anazozipanga yeye, awajibike pamoja na mkandarasi kwa mshahara, mafao na majeraha. Mkandarasi akitoweka, mwenye lango awepo. Mimi niliyepangua kanuni za 2014 kwa kubadilisha maneno ya mkataba ninajua kwamba kanuni inayotazama maneno hupanguliwa. Itazame kiti, na nani anamwamuru aliyekikalia.

Mwaka uliofuata nilikwenda kwa yule opereta. Anaishi nje kidogo ya mji, analima mpunga na ana pikipiki anayompa kijana aendeshe. Nilimweleza yote, pamoja na yale asiyoyajua: kwamba nilikuwa nimekisoma kile kifungu, kwamba wazo la kuandika upya mkataba lilikuwa langu, kwamba majibu yaliyomshinda niliyaandika mimi. Mke wake aliondoka tukiwa katikati ya mazungumzo, akaenda kukaa nje. Yeye alisikiliza hadi mwisho. Hakuniita mayu. Alisema hana haja na machozi yangu. Ana haja na karatasi. Michango yake ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ya kipindi cha mkandarasi ilikuwa na miezi iliyokatwa kwenye mshahara bila kupelekwa, na kila alipokwenda kufuatilia alitakiwa ushahidi kwamba miezi hiyo alikuwa kazini.

Nilimwandikia. Nilitaja tarehe za uhamisho, mtambo aliouendesha, msimamizi aliyempangia rosta, na makato niliyoyaona kwa macho yangu kwenye orodha za malipo zilizopita mezani kwangu kila mwezi. Nikaandika pia, katika aya yake peke yake, kile nilichomjibu mesi, ingawa kwa NSSF hakina kazi. Nikasaini mbele ya hakimu wa mahakama ya mwanzo, nakala nne. Wiki iliyofuata walikuja wenzake watatu na hati zao za mshahara ndani ya mifuko ya plastiki. Tangu hapo wameendelea kuja, na kila anayekuja namwandikia. Na anayetaka nisimame mbele ya msuluhishi au mahakama niyaseme haya kwa kiapo, nitasimama.